Magitaa mawili ya Tanga

Mgeni akiingia Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, yuko katika mji uliopeleka taarabu kwenye magitaa. Unguja walibaki na udi, ganuni na fidla. Tanga, miaka ya 1960, Black Star walishika magitaa ya umeme, na Lucky Star wakafuata. Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, aliimba na vikundi vyote viwili. Wapiga gitaa hawakuwa haba. Mji huohuo ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz.

Utamu wa muziki huo uko kwenye kusubiriana. Gitaa moja linashika mwendo bila pupa. La pili linampisha mwimbaji amalize ubeti, ndipo linamjibu. Ondoa umeme, yabaki magitaa makavu mawili barazani, na mazungumzo hayo yanasikika vizuri zaidi. Kinanda cha taarabu ya leo kinachangamsha harusi, hilo halina ubishi, lakini anayekipiga hana mwenzake wa kumsubiri.

Mwenye kanda za zamani nyumbani awawekee watoto, wafuate lile gitaa la pili tu.