Sisi Nani Hata Tuandike Kitabu?

Kwa muda wa miaka minne tulikuwa na kitabu kichwani, na karatasini hapakuwa na kitu. Kitabu chenyewe si cha ajabu. Twataka kuandika habari za makatekista wa zamani wa nchi ya Beni, wale waliotembea kwa miguu kilima hata kilima baada ya mapadri wa shirika la Assomption kufika mwaka 1929. Habari za mapadri zimeandikwa. Walimu waliolala njiani msituni na kufundisha sala chini ya mti, majina yao mengi yamo vinywani mwa wazee tu.

Kila tuliposhika kalamu swali lile lile lilitukalia: sisi nani? Seminarini tulifundishwa kuandika Kifaransa, na kila insha ilirudi na wino mwekundu. Kiswahili chetu nacho watu hukicheka, wakisema Kiswahili safi ni cha Unguja, hiki cha Kongo ni cha sokoni. Basi tulianza kwa Kifaransa, tukachana. Tukaanza kwa Kiswahili, tukaona haya, tukachana tena. Karatasi zile mama watoto aliwashia moto. (Hakutuuliza, nasi hatukulalamika.)

Hapa Mavivi, si mbali na kiwanja cha ndege, alikaa mzee mmoja aliyefundisha katekisimu tangu ujana wake. Alituambia, “Mwalimu, njoo na kaye yako, nikuhesabie vikanisa vyote na watu waliovijenga.” Tukamjibu, “Ndiyo, Baba, baada ya Pasaka.” Pasaka ikapita, tukasema baada ya mavuno ya kakao. Lakini tangu mauaji yalipoanza pande za Beni, mwezi wa Oktoba 2014, watu wetu wamekimbia mara nyingi, na katika kukimbia kumoja mzee alipelekwa mjini kwa binti yake. Akafia huko. Tulibeba msalaba mbele ya jeneza, na njia nzima tulikuwa tukifikiri vile vikanisa ambavyo hakutuhesabia.

Baadaye padri mmoja alitusimulia habari za André Yav. Bwana huyo alikuwa mtumishi wa nyumbani mwa Wazungu, boyi kama walivyoitwa, katika mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Mwaka 1965 aliandika historia ya mji ule kwa ajili ya watumishi wenzake wa zamani. Hakutafuta Kiswahili cha Unguja; aliandika kile kile walichosema jikoni na barabarani. Mwaka 1990 Mjerumani mmoja mwenye elimu, Johannes Fabian, alikitoa kitabu kile pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wakubwa wa vyuo hukisoma wapate kujua watu wadogo waliuonaje utawala wa Wabelgiji.

Tulinyamaza kitambo. Kumbe boyi hakungoja ruhusa ya mtu!

Tukarudi kwa Mtakatifu Luka. Mara ngapi tumeusoma mwanzo wa Injili yake bila kuuona! Hasemi kwamba yeye aliyatazama mambo yale kwa macho. Anasema wengine wamekwisha jaribu kuandika, naye amezifuatia habari kwa makini, kisha anamwandikia mtu mmoja, Teofilo. Mtu mmoja tu! Sisi tulikuwa tukiwaandikia maprofesa wa Kinshasa, ndiyo maana mkono ulitetemeka.

Teofilo wetu tumempata. Ni kijana anayejifunza kazi ya ukatekista, hupita kwetu jioni akiuliza maswali mengi kuliko tunayoweza kujibu. Tumeanza kumwandikia kama mtu aandikavyo barua, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na tukikwama twajiuliza tungemwambia nini angalikuwa ameketi hapa. Kurasa ni 11 sasa. Ya kwanza ina jina la mzee, na chini yake tuliacha nafasi kubwa tupu.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, tulikwenda mjini kwa mjane wake na kaye mkononi. Alikumbuka vikanisa vitatu, na wajenzi wa viwili. Cha nne alisema anakumbuka mwembe uliokuwa mlangoni, jina limempotea. Tumeandika mwembe.