Glasi ya Mgeni

Nyumba nyingi nilizoingia Mbinga zina kabati la vyombo sebuleni, na ndani ya kabati mna glasi ambazo wenye nyumba hawazinywei. Zimepangwa sita sita juu ya kitambaa cha kufuma, zinamsubiri mgeni. Wenyeji wana vikombe vyao vya plastiki jikoni. Vitabu vya zamani viliziita bilauri, neno lililotujia kutoka Kiarabu, lenye asili ya jiwe angavu. Nadhani makabati yetu hayajasahau: bado tunazitunza kama vito.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kinywaji gani kinafaa chombo gani, swali jingine huniruka kichwani kabla sijajibu: chombo gani ni cha nani?

Ila tuanze na kinywaji chenyewe, maana nacho kina haki zake. Togwa haitulii. Ukiiweka kidogo tu, unga unashuka chini. Inataka kikombe kipana, cha kutikisa kabla ya funda la mwisho. Ukiimimina kwenye glasi ndefu nyembamba utakunywa majimaji, halafu uhangaike na uji uliobaki chini.

Chai ya moto nayo ina vituko. Glasi nene, ile inayoonekana imara, ndiyo hupasuka upesi: ndani inatanuka kwa joto wakati nje bado ni baridi, mpaka ufa unapita. Ndiyo maana mama zetu hutia kijiko kwanza, chuma kipokee sehemu ya joto. Kikombe cha bati hakipasuki, lakini kinaunguza midomo kabla chai haijafika ulimini. Asubuhi ya Juni huku Umatengoni, baridi ikikaza, mimi sijaona kinachokishinda kikombe kizito cha kaure, unakishika kwa viganja viwili.

Shuka Mbamba Bay, kilometa zisizofika 70, mambo yanageuka. Joto la ziwani linataka maji ya mtungini. Mtungi unatoa jasho, maji yanapoa bila umeme. Kwa bibi yangu kulikuwa na kata moja juu ya mtungi, na mvuvi, mwalimu na mjukuu wote waliinywea. Sisemi turudi huko. Aliyewahi kusikia kipindupindu kimeingia kijiji cha jirani hawezi kuisifia kata moja kwa midomo yote. Nasema tu kwamba kata ile haikuwa na daraja.

Daraja nililikuta mjini. Sekondari niliisoma nikikaa kwa ndugu, Mbinga. Kikombe changu kilikuwa cha plastiki, cha kijani, na chini yake kilipakwa doa la rangi ya kucha. Cha dada wa kazi kilikuwa na madoa mawili. Hatukuteswa, chakula kilikuwa kilekile na chai ilitoka chupa ileile. Siku moja kikombe changu hakikuonekana, nikachukua glasi. Nikaambiwa kwa upole kabisa, “Hizo za wageni, mwanangu.” Nikawa mwana, ndiyo maana nisiinywee glasi. Na bado kikombe changu kiliwekwa alama, ili wana wengine wa nyumba ile wasikinywee.

Miaka baadaye nikaja kujifunza jinsi kahawa inavyoonjwa. Mbinga inalima arabika, ingawa nyumba nyingi zinazoilima hunywa chai. Waonjaji hupanga vikombe vinavyofanana umbo na ukubwa, hutia kipimo kimoja, kwa kawaida gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, husubiri dakika chache, huvunja povu kwa kijiko, kisha huvuta kwa sauti. Chombo kikitofautiana, ulimi unadanganyika. Vinafanana ili kahawa isemwe yenyewe, awe ameilima nani.

Hapo nikapata kanuni yangu ya nyumbani: chombo kitofautiane kwa ajili ya kinywaji, kisitofautiane kwa ajili ya mnywaji. Nina vikombe vinane vya kaure vya chai na kahawa, glasi nane nyembamba za maji na juisi, na mabakuli madogo ya togwa. Vyote viko rafu ya wazi. Binti anayenisaidia kazi anachukua kinachomfikia mkono. Glasi mbili zimeshavunjika, maisha yanaendelea.

Kigumu ni mama. Akipanda kutoka Mbamba Bay, bado anauliza kile cha plastiki kiko wapi. Namwambia hakipo, mama. Anaipokea glasi kwa mikono miwili, anakunywa haraka, anaisuuza mwenyewe na kuirudisha rafuni, kama kitu alichoazima kwa watu.