Kuyafuata Maji ya Pangani Hata Mlimani

Mtu aliyezaliwa Pangani huyajua mambo mawili juu ya mto wake: ya kwamba bahari huupanda kila maji yajaapo, na ya kwamba asili yake ni mbali, huko Kilimanjaro kwenye theluji. La kwanza nimeliona kwa macho yangu, maana wazee wetu walikuwa wakiteka maji matamu mahali ambapo leo mtu akiyaonja huyatema. La pili nalisomeshwa skuli, nami nikawasomesha watoto wa chuoni kwangu vivyo hivyo, mpaka Februari 2023 nalipokwenda kulitazama mwenyewe. Nalirudi nikijua kuwa nimewasomesha kosa.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Muheza na Hale, ambako maji ya mto huu yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme tangu 1964, tukashika njia ya Korogwe na Same. Ndugu msomaji, safari ile ni ndefu na vumbi lake ni jingi, wala sina la kukusimulia juu yake ila kwamba kushoto kwetu nchi ilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma, na mto wapita humo humo ukinywewa na kila mtu. Moshi tuliingia magharibi.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana niliyemsomesha Juzuu Amma, ambaye leo ni mtaalamu wa misitu. Kesho yake alinichukua Marangu, na hapo nikaiona mifongo, yaani mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu wa Wachaga kuleta maji vihambani, migombani na kwenye kahawa. Mzee mmoja, jembe begani, alikuwa akingoja zamu yake. Nalimwamkia, nikamwuliza khabari za maji. Akanijibu, "Mwalimu, zamani zamu yangu ilitosha shamba zima. Siku hizi yafika nusu, nami nayaona yanavyokwisha." Akanionyesha kwa kidole kule juu, si kwenye barafu, bali chini yake, penye msitu.

Siku ya pili tulipanda kwa miguu hata Mandara, mita 2,700 na kitu juu ya bahari, na kwa umri wangu huu sitaki kusimulia magoti yalivyosema. Lakini msitu ule! Miti mirefu imevikwa kuvu na ndevu za kijani kibichi mpaka hujui gome liko wapi. Mvua haikuwapo hata tone, walakini kanzu yangu ililowa mabegani, kwa kuwa ukungu ulikuwa ukipita matawini na kila jani na kila unywele wa zile ndevu ukaunasa na kuudondosha. Kijana wangu akacheka, akasema, "Maalim, huu ndio mto wako. Barafu haimnywishi mtu."

Akanieleza. Barafu ya Kibo mwaka 1912 ilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 12, na ilipofika 2000 haikutimia 3. Ulimwengu mzima umeililia. Lakini maji itoayo ni machache mno. Karibu yote yashukayo mlimani hutoka katika ukanda wa msitu. Na juu ya msitu huo kulikuwa na ukanda mwingine wa miti ya jamii ya erika, uliokuwa ukinasa mawingu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, aliandika mwaka 2005 kwamba kwa muda wa miaka kama thelathini moto umeteketeza karibu kilomita za mraba 150 za miti hiyo, na kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo yangaliwatosha watu kiasi cha milioni moja kunywa mwaka mzima.

Tulifika shimo la Maundi, tukatazama juu. Palipokuwa na miti sasa ni vichaka na manyasi. Oktoba 2020 moto ulishika sehemu za juu za njia hii, ukala kiasi cha kilomita za mraba 95, na mamia ya watu walikwenda kuuzima. Kijana alinieleza kuwa erika haifi kwa moto mmoja. Huchipua kutoka shinani. Kinachoiua ni moto wa pili na wa tatu kabla haijarefuka. Ukame hukausha manyasi, manyasi huita moto, moto huondoa miti, na miti ikiondoka ukungu hupita bila kukamatwa, nchi ikazidi kukauka.

Nikamwuliza: mwanangu, mwayajuaje hayo, nanyi hamwezi kuuchoma mlima ili mpime hasara? Akasema wao hutengeneza mlima wa hesabu. Huweka vyombo vya kupimia mvua uwandani na vingine chini ya miti, hupima mito, udongo na majani. Khalafu huyatia yote katika kompyuta na kuiuliza maswali. Mvua ikipungua je? Msitu ukirudi je? Mashamba yakizidishiwa maji je? Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani pamoja na IUCN walifanya hesabu za namna hiyo katika miaka ya 2000, wakalinganisha: maji yakitangulizwa mashamba, yakitangulizwa umeme, au yakiachiwa mto wenyewe hata mlangoni kwake baharini. Naliyapenda maneno yake alipoongeza kuwa mlima wa hesabu hauna akili kuliko vipimo ulivyolishwa, na vipimo vya huko juu ni vichache.

Jambo moja sikuliafiki. Mwaka 2005 msitu uliingizwa katika hifadhi ya taifa, na wanakijiji waliozoea kuokota kuni na kukata majani humo wakabanwa. Ulinzi ni wa lazima, sikatai. Lakini ni mwanamke wa Marangu aonaye moshi wa kwanza, naye akifanywa mwizi wa kuni, sioni kwa nini akimbie kupiga ukelele. Kijana alinyamaza kidogo, akasema hesabu yao haina mahali pa kumwandika mwanamke yule.

Nalirudi Pangani siku ya Jumatano. Ubaoni mwa chuo changu palikuwa bado na mchoro wangu wa zamani, kofia nyeupe juu ya mlima na mstari wa mto ukitoka ndani yake. Nalifuta mstari ule, nikauchora upya kuanzia chini kidogo, penye miti, na watoto wakauliza kwa nini.