Hema Kati ya Kivu na Nyungwe

Starehe ya kulala hemani si ya watu wa pwani peke yao. Mji wa Rusizi, ulioitwa Cyangugu hadi 2006, umekaa kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, mkabala na Bukavu. Familia yenye hema moja yaweza kufaidi ziwa na msitu kwa safari moja.

Jua la mchana lisiwahadae wazazi. Ziwa liko kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari, na msitu wa Nyungwe, upande wa mashariki, umeinuka zaidi. Usiku huwa baridi. Mablanketi na sweta za watoto zitangulie mizigo mingine.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, mvua zinapopungua. Lakini ukavu huo ndio rafiki wa moto. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu ya Nyungwe, na kwingine magugu yamezuia miti kuota tena. Msitu huo, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, hugawa maji ya Nile na ya Kongo. Basi apikaye apike panaporuhusiwa tu, wala asilale kabla ya kuzima kaa la mwisho kwa maji.