Saa Inaporudi Sifuri

FreeRTOS ni mfumo endeshi mdogo wa maikrokontrola, ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003. Msimbo wake uko wazi, na tangu Amazon ilipochukua usimamizi wake mwaka 2017 hutolewa kwa leseni ya MIT. Kiini chake ni mafaili machache ya lugha ya C, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kukisoma chote akakielewa. Hilo ndilo lililomvuta mwandishi wa tawasifu hii, mzaliwa wa Tanga aliyesomea umeme, akaajiriwa na kampuni ya vidhibiti vya pampu za maji, na akastaafu akiwa mtunzaji wa tawi la mfumo huo.

Mtunzaji hupokea ripoti ya hitilafu, huilazimisha itokee tena mezani, hutafuta chanzo, kisha huandika kiraka pamoja na jaribio la kukithibitisha. Hitilafu nyingi huisha upesi na kusahaulika. Ile ya saa haikusahaulika.

Mfumo hupima muda kwa kuhesabu mipigo. Kwa mipigo 1,000 kila sekunde, namba ya biti 32 hujaa ikifika 4,294,967,295, yaani baada ya siku 49 na saa 17 hivi, kisha hurudi sifuri. Kiini cha FreeRTOS kimejiandaa: kazi ambayo wakati wake wa kuamka uko ng'ambo ya sifuri huwekwa kwenye orodha ya pili, na saa ikizunguka orodha hizo mbili hubadilishana nafasi. Hatari iko kwenye msimbo unaoandikwa juu ya kiini. Windows 95 na 98 ziliganda kwa sababu ya siku hizo hizo 49, na mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa vidhibiti vya jenereta zake vingezimika baada ya siku 248 mfululizo.

Pampu za kampuni nazo zilianza kusimama zikiwa zimewaka wiki saba. Fundi akizima na kuwasha, maji yanatoka. Wakubwa wa uhandisi wakaona hiyo ndiyo tiba, wakaagiza kifaa kijiwashe upya kila usiku. Mwandishi alipinga, na anapinga hadi leo. Usiku ndio muda wa kujaza matangi. Tena, kuwasha upya hufuta kumbukumbu yenye ushahidi, na kosa linabaki palepale likisubiri mteja mwingine aunakili msimbo huo.

Aliyemfundisha kuliona kosa lenyewe alikuwa mzee wa mitambo ya simu, mtu wa karatasi na penseli. Alichukua saa ndogo ya biti 16, inayoishia 65,535. Kazi inaanza kwenye mpigo wa 65,530 na inatakiwa kusubiri mipigo 10. Anayejumlisha hupata 4, kwa kuwa jumla imezunguka; mpigo unaofuata, 65,531, tayari ni mkubwa kuliko 4, na subira inakatika kabla ya wakati. Anayetoa hukokotoa muda uliopita: saa ikisoma 2, 2 kutoa 65,530 kwa hesabu ya biti 16 ni 8. Bado mipigo miwili. Jibu ni sahihi hata baada ya kuvuka sifuri, mradi subira yenyewe isizidi mzunguko mmoja wa saa.

Kiraka kilibadilisha mistari michache. Jaribio lake lilikuwa na thamani zaidi: saa ya kifaa ianzie karibu na mwisho. Linux hufanya hivyo, kwani kihesabio chake cha mipigo huanza dakika tano kabla ya kujaa, na FreeRTOS nayo inaruhusu kuchagua namba ya kuanzia. Kijana anayeingia katika kazi hii aanze hivyo siku ya kwanza, wala asingoje wiki saba apigiwe simu na mtu asiye na maji. Na akiambiwa awashe upya, adai kwanza kujua kilichozima. Kampuni ilikitoa kiraka hicho kama uboreshaji wa kawaida, bila kutaja kwamba kuwasha kila usiku kumeondolewa.

Ubishi uliobaki ni wa biti 64. Wapo wanaosema saa itumie namba kubwa isiyojaa maishani mwa kifaa, mambo yaishe. Lakini prosesa ya biti 32 huisoma namba hiyo kwa vipande viwili. Katizo likiingia katikati na nusu ya chini ikazunguka, nusu mbili zinazopatikana ni za nyakati tofauti. Anayechagua njia hiyo asome nusu ya juu, kisha ya chini, kisha ya juu tena. Namba mbili za juu zikitofautiana, aanze upya.