Kisutu Kipya, Kazi ya Kale



Mwaka huu nimeulizwa swali moja na wazazi wengi, wa hapa Eldoret na wa huko kwetu pwani. Binti anaolewa, naye anataka apambwe kama alivyopambwa nyanyake: kisutu, buibui la kamba na makubadhi ya ngozi. Vitu vya asili vimechakaa, na vilivyosalia vimehifadhiwa sandukuni kama ukumbusho wa marehemu. Je, vinapatikana wapi vipya vilivyotengenezwa kwa mfano wa vile vya zamani, na mtu atajuaje kama ni vizuri? Kwa kuwa nimetoka kumwoza binti yangu wa tatu, na swali hili lilibisha hodi nyumbani kwangu kabla ya kufika kwenu, nimeona ni vyema niandike niliyoyashuhudia.

Yafaa mjue kwanza kwa nini jambo hili lina uzito kwetu sisi tuliohamia bara. Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni mwendo wa takribani kilomita 800, na mji wetu umekaa juu ya nyanda za baridi, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Watoto tuliowazaa hapa wanaijua pwani kwa safari za likizo. Shuleni huitwa Waswahili, na wakirudi Mombasa huitwa watu wa bara. Kwa mtoto wa namna hiyo, vazi la nyanyake si pambo tu. Ni ushahidi kwamba ana kwao. Nyanyake mwenyewe, mama mkwe wangu, angali hai katika Mji wa Kale, ingawa macho yake yamefifia sana. Alipoarifiwa habari ya harusi alitaka jambo moja tu: mjukuu wake atolewe akiwa na kisutu, kisha kisutu hicho apelekewe yeye akishike.

Kisutu, kwa wasiokijua miongoni mwa vijana wetu, ni leso ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ndiyo leso ya bibi harusi katika pwani yetu. Leso zenyewe zina historia ndefu. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa Mombasa na Unguja walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono vilivyouzwa kwa jora, wakivikata na kuviunga sita pamoja, safu mbili za vitatu vitatu, wapate nguo moja pana ya kujifunga. Neno leso ni la Kireno, lenye maana ya kitambaa hicho cha mkono. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa, yenye pindo, mji na jina. Mombasa hapo, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa alama yake ya Mali ya Abdulla, limekuwa likiuza leso tangu mwaka 1887. Leso hizo zilichapwa Uholanzi, Uingereza, Japani na India kabla viwanda vya Afrika Mashariki havijaanza kuzichapa. Basi asiwepo wa kutuambia kwamba kisutu kilichochapwa jana ni cha bandia kwa sababu ya upya wake tu. Tangu mwanzo leso ni nguo ya kiwandani, inayochapwa upya kila kizazi. Swali ni moja: imechapwa juu ya kitu gani?

Hapo ndipo tulipojaribiwa. Shemeji yangu alinunua kisutu katika duka moja la mji mwingine wa bara, na muuzaji akamwapia kwamba ni pamba tupu. Kwa macho kilipendeza mno. Wekundu wake uliwaka, michoro ilinyooka, na kwenye picha ya simu kila aliyekiona alisema mashallah. Kilipofikishwa Mombasa, mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakileta puani, kisha akakirudisha. Akaniambia kwa simu, kwa upole wake wa kawaida, “Mwanangu, hili ni karatasi. Mtoto akijifunga litateleza, na jua likimpiga mgongoni litamwanika.”

Sikuwa na la kujibu isipokuwa, “Ni kweli, mama, tutatafuta jingine.” Nilipokichunguza kisutu kile kiliporudi, nilikuta nyuzi zake ni za poliesta. Muuzaji yule aliapa juu ya ghushi. Sote tumefundishwa madrasa kisa cha Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alipoingiza mkono wake ndani ya chungu ya nafaka sokoni, akakuta imelowa chini ilhali juu ni kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu. Angaliya, ewe msomaji: ila ile ilijulikana kwa mkono. Jicho lilikwisha ridhika na ukavu wa juu. Hilo ndilo ninalotaka mlishike katika makala haya yote. Nguo ya mfano wa zamani haipimwi kwa kufanana na picha ya nyanya. Hupimwa kwa kazi aliyofanyiwa nyanya na nguo ile: kumsitiri, kumkaa mwilini, kunywa jasho lake, kulainika kila ifuliwapo, na kudumu hadi ikambeba mtoto mgongoni.

Nitawaeleza namna ya kupima, maana elimu hii mama zetu walikuwa nayo nasi tumeiacha ipotee. Chomoa uzi mmoja pembeni ukauchome. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini linalopukutika, lakini poliesta huyeyuka ikajikunja kuwa kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Dondosha tone la maji: pamba safi hulinywa, poliesta huliacha likae juu. Geuza upande wa pili uangalie kama rangi imepenya, kwani leso njema haina mgongo ulioparara. Lowesha ncha kisha uisugue kwa kitambaa cheupe uone kama wekundu unatoka. Usidanganywe na ugumu wa leso mpya, kwa sababu huo ni wanga uliotiwa dukani, na ukiondoka kwa maji ya kwanza ndipo utakapojua kama ufumaji wake ni mzito au ni wavu. Mwisho, pima kwa ukanda. Leso ya kawaida ni karibu sentimita 150 kwa 110, na iliyopunjwa haitamsitiri mtu mzima.

Kisutu cha pili tulikiagiza kutoka Mombasa. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya kile cha kwanza, na mama mkwe alipokishika alikaa nacho mapajani hadi adhana ya alasiri.

Watu huniuliza kwa nini pamba njema imekuwa adimu, nami huwaonyesha kiwanda kilicho papa hapa mjini kwetu. Rivatex kilianzishwa miaka ya 1970, na humo pamba ilisokotwa, ikafumwa na kuchapwa, vikatoka vitenge, leso na vitambaa vya sare. Soko la nchi lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba na vitambaa vya bei nafuu kutoka nje vilifurika. KICOMI cha Kisumu kikaanguka, na Rivatex nacho kikasimama. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na tarehe 21 Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikizindua upya baada ya kuwekewa mitambo mipya. Ninalitaja hili ili tufahamu kwamba ubora wa leso ya bibi harusi huanzia shambani kwa mkulima wa pamba. Kila tunapokubali poliesta kwa jina la pamba, tunamwambia mkulima yule na mfumaji yule kwamba hatuwahitaji.

Sasa nije kwenye buibui. Buibui la kamba halifanani na abaya wanazovaa binti zetu leo, ambazo zimetujia kutoka nchi za Ghuba. Lile la zamani ni nguo nyeusi pana, isiyo na mikono, inayofungwa kichwani kwa kamba, na upana wake ukavutwa kwa mkono kufunika mwili na uso. Hatukulipata dukani. Tuliazima la mama mkwe, tukalipeleka kwa fundi wa kike hapa Eldoret, mama wa Kikristo mwenye mkono mwepesi. Alilizungusha mara tatu, akaniuliza, “Sasa Ustadh, hii nguo mikono yake iko wapi?” Nikamjibu, “Mikono ni ya mwenye kulivaa, mama.” Akacheka, kisha akafanya lililonipendeza. Hakulifumua lile la zamani hata mshono mmoja. Alilitandaza juu ya magazeti, akachora ukingo wake wote, akahesabu marinda na kupima kamba, kisha akashona kwanza la majaribio kwa kitambaa cha bei rahisi. Binti alipolijaribu likamkaa vyema, ndipo akakata kile cheusi tulichokinunua. Huu ndio utaratibu ninaowausia: mpeni fundi nguo yenyewe aishike, wala si picha, mkatazeni kuifumua, na mumlipe kwa lile la majaribio pia. Chagueni kitambaa kizito kidogo kinachoanguka, kwani chepesi sana hupeperuka na kunata miguuni.

Kuhusu makubadhi, mafundi wa ngozi wa pwani wana sifa ya tangu zamani, na Siyu katika kisiwa cha Pate ulikuwa mji uliotajika kwa kazi hiyo. Makubadhi ya kweli yana soli ya tabaka za ngozi zilizoshonwa kwa uzi, na ukitazama ukingo utazihesabu tabaka hizo. Yale ya kuiga tu yana soli moja iliyogandishwa kwa gundi, na ngozi yake ya juu ni plastiki iliyopigwa chapa. Yapinde: ngozi hukunjika ikarudi, plastiki huweka ufa mweupe. Yanuse pia. Tena mguu upimwe jioni, kwani asubuhi huwa haujavimba.

Hapa lilizuka suala ambalo ni mwafaka kulieleza. Mvua za Eldoret si mchezo, na soli ya ngozi ikilowa huteleza na kuoza. Fundi akashauri abandike mpira mwembamba chini. Baadhi ya jamaa wakasema huko ni kuharibu asili. Rai yangu ni kwamba badiliko linalofanywa kwa haja, likaelezwa waziwazi, halina ubaya, na wazee wetu nao walibadili kila kitu kilichowafikia kwa merikebu. Kibaya ni badiliko lililofichwa. Mpira uliobandikwa tukijua ni ihsani ya fundi, ilhali plastiki iliyouzwa kwa jina la ngozi ni ghushi, hata ikiwa nzuri namna gani.

Mitalawanda, vile viatu vya mbao vyenye kijiti cha kushikwa na vidole, sitavirefushia maneno. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyaeleza mavazi ya wanawake wa Unguja pamoja na viatu vya mbao katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886. Kama binti yenu anavitaka, seremala hodari ataviweza, ila avizoee nyumbani kwanza asije akateguka siku ya harusi.

Limebaki la gharama. Dada zangu na mama zangu, kisutu si nguzo ya nikaha wala buibui la kamba si sharti la ndoa. Hizi ni ada njema, na ada ikigeuzwa kuwa mzigo juu ya kijana anayeoa huwa imepoteza wema wake. Asiyeweza na aazime; jamaa kumi wanaweza kuwa na buibui moja lililoshonwa vizuri, likapokezanwa harusi hadi harusi. Msinunue vya kale kwa bei za kutisha kutoka kwa wanaozunguka majumbani wakiwarubuni wajane wawauzie masanduku yao. Kitambaa cha miaka 60 kilichooza mikunjoni kitapasuka siku ya kwanza, na familia itakuwa imepoteza ukumbusho kwa ajili ya picha. Cha kale kihifadhiwe kiwe mfano, na kipya kilichofuata mfano huo kwa uaminifu ndicho kivaliwe.

Nasaha yangu ya mwisho ni kwa wenye mama na nyanya walio hai. Kabla hamjakwenda dukani, ketini nao na doti mbili tatu mapajani mwao, nzuri na mbaya, waelezeni binti zenu nini wanachokigusa na kwa nini hili wanalikubali na lile wanalikataa. Maduka yatakuwepo mwakani na mafundi watazaliwa wengine, lakini vidole vile vikiondoka huondoka na elimu yake.

Mwenyezi Mungu awastiri binti zetu, awape umri wazee wetu, na azibariki ndoa zetu. Wabillahi tawfiq.