Jumamosi ya Kuanika Vitanda

Waliolalia vitanda vya kamba wanazikumbuka zile Jumamosi: vitanda vyote vya nyumba vimetolewa uani, magodoro ya sufi yameanikwa juani, maji ya moto yanamiminwa kwenye matendegu, na mama anapitisha unyoya wa kuku uliochovywa mafuta ya taa katika kila ufa, mpaka kunguni wanatoka wamenona, na ukimponda mmoja ile harufu yake haikutoki kidoleni hadi jioni.

Siku hizi tunalalia sponji. Kunguni wapo.

Kila mnyonyaji alikuwa na tabia yake. Chawa alizaliwa kichwani akazeekea kichwani. Ukimtenga na mtu, siku mbili nyingi. Kunguni alikuja usiku, akanywa kwa dakika chache, akarudi ufani, na hata nyumba ikihamwa aliweza kungoja miezi bila kula. Kiroboto aliruka kutoka vumbini. Papasi, ambaye kwa miguu yake minane ni ndugu wa buibui, alijificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kutuachia homa ya kwenda na kurudi. Saruji imewapunguza hawa wawili, na sijasikia anayewalilia.

Jioni tuliketi barazani, kichwa mapajani mwa bibi, naye akipekua nywele na kuponda mayai ya chawa kwa kucha za gumba huku akitupa habari za mtaa mzima, nani kaposwa na nani kafukuzwa. Leo wajukuu wananyolewa. Chawa wamepungua, habari nazo zimepungua.

Ajabu ni kwamba tuliwaonea haya wasioua. Kunguni hajathibitika kutuambukiza ugonjwa wowote. Mbu jike wa Anopheles, anayebeba malaria, tulimfukuza kwa kupunga kanga tu. Sasa tuna vyandarua vyenye dawa, na watoto wengi wamepona kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 2022 Kenya ilimgundua Anopheles stephensi, anayezaliana hata kwenye matangi ya maji ya mjini.

Dawa ya DDT nayo ilidhaniwa imemaliza kazi, kunguni wakaizoea. Kilichowabana zamani zaidi ya dawa ni ujirani: ukitoa kitanda, jirani naye alitoa chake. Leo mpangaji anapuliza dawa usiku, mlango kaufunga, na kunguni wanahamia chumba cha pili. Ukiwaona kwako, usifiche. Waambie wenzako, mpulize nyumba nzima siku moja.